Marekani: Ulinzi wa wanafunzi Wayahudi usigeuzwe fimbo ya serikali

Tarehe 5 mwezi wa kumi na mbili mwaka wa 2023, wanawake watatu waliketi mbele ya kamati moja ya bunge la Marekani, mujini Washington. Kwa namna ya Kongo wangeitwa marekta: Claudine Gay wa chuo kikuu cha Harvard, Liz Magill wa chuo kikuu cha Pennsylvania, na Sally Kornbluth wa MIT. Ilikuwa imepita miezi miwili tangu Hamas kushambulia Israeli tarehe 7 mwezi wa kumi, kuua watu karibu 1200 na kuchukua mateka karibu 250. Israeli nayo ilikuwa imeanzisha vita Gaza, vita ambavyo vimeua makumi ya maelfu ya Wapalestina. Kwenye vyuo vikuu vya Marekani, wanafunzi walikuwa wanaandamana na kuzomeana, wengine wanaogopa hata kwenda kula pamoja na wenzao.

Mbunge Elise Stefanik akauliza swali ambalo watu wengi walidhani jibu lake ni neno moja: mtu akiita watu waangamize Wayahudi, je, anavunja kanuni za chuo chenu? Hakuna hata mmoja kati ya wale watatu aliyesema "ndiyo" na kunyamaza. Walijibu kwamba inategemea: kama maneno yamemlenga mtu fulani, kama yamegeuka kuwa vitendo, kama yamesemwa katika mazingira gani. Siku nne baadaye, Magill alijiuzulu. Tarehe 2 mwezi wa kwanza mwaka wa 2024, Gay naye akaondoka, kwa kuwa juu ya jambo hilo aliongezewa mashitaka ya kunakili maandishi ya wasomi wengine. Kornbluth alibaki.

Msomaji wa Bukavu, Goma, Uvira ao Bunia akisikia jibu kama hilo, anashituka. Upande huu wa dunia unajua maneno yanafika wapi. Mwaka wa 1994, redio RTLM ya Kigali iliita watu kuua majirani wao, na mmoja wa waanzilishi wake, Ferdinand Nahimana, hakuwa mtu wa mitaani: alikuwa profesa wa historia kwenye chuo kikuu cha taifa cha Rwanda. Korti ya kimataifa ya Arusha ilimhukumu mwaka wa 2003, na rufaa ya mwaka wa 2007 ikampunguzia adhabu mpaka miaka 30. Katika Kongo yenyewe, mwezi wa nane mwaka wa 1998, Abdoulaye Yerodia alisema maneno ya kuwalinganisha watu na wadudu wa kufagiliwa, mpaka Ubelgiji ikatoa hati ya kumkamata na kesi ikafika La Haye. Sheria ya Kongo ya tarehe 7 mwezi wa sita mwaka wa 1966 inaadhibu ubaguzi wa rangi na ukabila. Kwa mtu aliyekulia katika historia hiyo, kusema "inategemea" mbele ya swali la kuangamiza watu ni kama woga uliovaa koti la sheria.

Lakini wale marekta hawakudanganya. Walisema sheria ya inchi yao ilivyo.

Katiba ya Marekani, katika nyongeza yake ya kwanza, inaikataza serikali kupunguza uhuru wa kusema. Mwaka wa 1969, Korti Kuu iliamua kesi ya Brandenburg, kiongozi wa kikundi cha Ku Klux Klan katika jimbo la Ohio ambaye alikuwa amehutubia mkutano kwa maneno ya chuki juu ya watu weusi na Wayahudi. Korti ikasema kwamba serikali haiwezi kumfunga mtu kwa maneno yake isipokuwa maneno hayo yamekusudiwa kuwasha vurugu papo hapo, na kweli yanaweza kuiwasha. Kuchukia kwa kinywa, peke yake, si kosa la jinai katika inchi ile.

Kesi inayoonyesha mambo haya zaidi ni ya Skokie, muji mdogo karibu na Chicago, ambako waliishi Wayahudi wengi walioponyoka kambi za Hitler. Mwaka wa 1977, kikundi cha Wanazi wa Marekani kilitaka kuandamana humo na alama zao. Muji ukakataa. Shirika la haki za raia, ACLU, likawatetea Wanazi mbele ya korti. Mkuu wa shirika hilo alikuwa Aryeh Neier, Myahudi aliyezaliwa Berlin, ambaye familia yake ilikimbia Wanazi akiwa mtoto mdogo. Wanachama wengi wa shirika walikasirika wakatoka. Neier hakugeuka: aliona kwamba mamlaka yenye nguvu ya kuwafunga mdomo Wanazi leo itakuwa na nguvu ileile ya kuwafunga Wayahudi kesho. Mwishowe korti ziliwapa Wanazi haki ya kuandamana, na hawakuandamana Skokie hata siku moja. Walienda Chicago.

Mtu wa Kivu ana haki ya kusema kwamba hesabu ya Neier ni ya inchi yenye korti zinazosikilizwa na polisi inayolipwa, na kwamba mwaka wa 1994 Kigali hakukuwa na nafasi ya kusubiri hotuba nzuri ijibu hotuba mbaya. Ni kweli. Lakini hoja yake juu ya mamlaka ihifadhiwe, maana miaka karibu hamsini baadaye ndiyo iliyotimia kwenye vyuo vikuu.

Kuna sheria ya pili ambayo watu wengi waliokuwa wakipiga kelele hawakuitaja. Sheria ya haki za raia ya mwaka wa 1964, katika sehemu yake ya sita, inasema kwamba shule yoyote inayopokea pesa za serikali kuu haina ruhusa ya kubagua mtu kwa rangi ao asili yake. Wayahudi wanaingia humo kama watu wa asili moja, na Waarabu vilevile. Chuo kikiona mwanafunzi anasumbuliwa kwa ubaya mkubwa, mara kwa mara, mpaka anashindwa kusoma, kisha kikakaa kimya, kinavunja sheria. Kwa hiyo mtu anaweza kusema wazo baya uwanjani na sheria ikamlinda, lakini akimfuata mwanafunzi mmoja mpaka mlangoni mwa chumba chake na kumtukania asili yake, sheria haimlindi tena. Tofauti si utamu ao uchungu wa neno. Swali ni nani amelengwa, na amefanyiwa nini.

Na kuna waliolengwa kweli. Kwenye chuo kikuu cha Cornell, mwezi wa kumi mwaka wa 2023, mwanafunzi mmoja aliandika kwenye intaneti kwamba atawaua wanafunzi Wayahudi na kushambulia nyumba wanamokulia. Alikamatwa, na mwaka wa 2024 akahukumiwa miezi 21 gerezani. Hapo hakuna mjadala wa uhuru wa kusema. Hicho ni kitisho cha kuua. Kwenye chuo kikuu cha UCLA, mujini Los Angeles, waandamanaji walifunga sehemu za kampasi, na wanafunzi Wayahudi walioshikilia imani yao juu ya Israeli wakazuiwa kupita. Mwezi wa nane mwaka wa 2024, jaji Mark Scarsi aliamuru chuo kisiruhusu jambo hilo lirudi. Columbia nayo ilimfukuza kwenye kampasi mmoja wa viongozi wa maandamano, kwa sababu video ilimwonyesha akisema kwamba Wazayuni hawastahili kuishi. Kumwambia kijana Myahudi wa Brooklyn, ambaye hajapiga kura hata mara moja katika Israeli, kwamba yeye ndiye anajibu kwa mabomu ya Gaza, ni chuki ileile ya zamani iliyopewa jina jipya.

Chuki hiyo ina mizizi kwenye vyuo hivyohivyo. Mwaka wa 1922, Abbott Lawrence Lowell, mkuu wa Harvard, alipendekeza waziwazi kuweka kikomo kwa hesabu ya Wayahudi wanaopokelewa, kwa kuwa walikuwa wamepita 20 kwa mia ya wanafunzi. Pendekezo lilikataliwa kwa karatasi, kisha likafanyika kwa njia ya pembeni: wakaanza kuuliza juu ya "tabia" ya mwombaji, mahali alikotoka, na picha yake. Kwa hiyo familia za Kiyahudi zinapochelewa kuamini ahadi za wakuu wa vyuo, haziwi na wasiwasi wa bure.

Upande wa pili nao ulipata vidonda. Tarehe 25 mwezi wa kumi na moja mwaka wa 2023, katika muji wa Burlington, jimbo la Vermont, wanafunzi watatu Wapalestina walipigwa risasi wakitembea barabarani. Wawili walikuwa wamevaa vitambaa vya kefiye, na mmoja wa wale watatu alipooza miguu. Usiku wa kuamkia tarehe 1 mwezi wa tano mwaka wa 2024, kule UCLA ambako Wayahudi walikuwa wamezuiwa njia, watu waliokuja kupinga maandamano walivamia kambi ya mahema kwa fimbo na dawa za kuwasha macho, na polisi ilichukua saa nyingi kabla ya kuingia kati. Katika majira yale ya 2024, watu zaidi ya 3000 walikamatwa kwenye kampasi za Marekani. Wengi walikuwa wamekaa kwenye majani na kukataa kutoka. Wengine, kama wale wa Columbia waliovunja madirisha na kuteka jengo la Hamilton tarehe 30 mwezi wa nne, walifanya zaidi ya kusema, na chuo chochote kingekuwa na haki ya kuwaadhibu.

Basi kwa nini jibu la marekta watatu liliudhi watu namna ile, kama lilikuwa jibu la sheria? Kwa sababu halikuwa jibu la vyuo vyao. Miezi mitatu kabla ya kikao kile, shirika la FIRE, linalofuatilia uhuru wa kusema vyuoni, lilikuwa limepanga vyuo karibu 250 vya Marekani: Harvard ilikuwa ya mwisho kabisa, na Pennsylvania ya pili kutoka mwisho. Kwa miaka mingi vyuo hivyo vilikuwa vimeonya walimu, kufuta mialiko ya wageni na kufungua uchunguzi kwa maneno madogo yaliyoudhi makundi mengine. Kisha, siku Wayahudi walipolia, uhuru wa kusema ukagunduliwa ghafla. Mtu anayeitafuta katiba siku moja tu kwa mwaka asishangae watu wakidhani ameiokota njiani. Kama marekta hao wangekuwa na mazoea ya kuacha kila mtu aseme, jibu lao lingekuwa baridi, lakini lingeaminika.

Swali gumu zaidi ni lile la kusema chuki juu ya Wayahudi ni nini. Mwaka wa 2016, muungano wa inchi mbalimbali uitwao IHRA, unaohifadhi kumbukumbu ya mauaji ya Wayahudi, ulipokea maelezo mafupi yenye mifano 11. Mifano mingine haina ubishi: kukana mauaji yaliyofanywa na Wanazi, ao kusema Wayahudi wanaongoza dunia kwa siri. Mingine inahusu Israeli, kwa mfano kusema kwamba kuwepo kwa dola hiyo ni kazi ya ubaguzi. Hapo ndipo ugomvi unaanza. Mtu aliyeandika kwa sehemu kubwa maelezo hayo tangu mwanzo, Kenneth Stern, Mmarekani Myahudi, alikuwa amefikiria watu wanaohesabu matendo ya chuki katika Ulaya, ili wote wahesabu kwa namna moja. Tangu hapo amekuwa akipinga hadharani yasigeuzwe kanuni ya kuadhibu wanafunzi. Mwandishi wa maelezo mwenyewe anasema hayakufanywa kwa kazi hiyo, na bado wanasiasa wanayabeba kama hati ya kukamata.

Kuna pia jambo ambalo mjadala wa televisheni hauonyeshi vizuri. Katika kambi ya mahema ya Columbia, mwezi wa nne mwaka wa 2024, wanafunzi Wayahudi waliokuwa kati ya waandamanaji waliandaa humohumo chakula cha Pasaka yao. Nje ya uzio, Wayahudi wengine walikuwa wakisema kambi hiyo inawatia hofu. Wote ni Wayahudi, na hakuna mtu wa serikali aliyepewa kazi ya kuamua nani kati yao ni Myahudi wa kweli.

Hata hivyo serikali ilijipa kazi hiyo. Raisi Donald Trump aliporudi madarakani mwaka wa 2025, alikuta jeraha liko wazi. Tarehe 7 mwezi wa tatu, serikali yake iliikatia Columbia dola milioni 400, nyingi zikiwa za utafiti wa afya, ikisema chuo kimeshindwa kulinda Wayahudi. Siku iliyofuata, maofisa wa uhamiaji walimkamata Mahmoud Khalil, Mpalestina aliyezaliwa Siria, ambaye alikuwa msemaji wa wanafunzi katika mazungumzo na wakuu wa Columbia. Alikuwa na ruhusa ya kuishi Marekani daima na mke wake ni raia. Hakushitakiwa kosa la jinai. Waziri wa mambo ya inje, Marco Rubio, alitumia kipengele cha sheria ya mwaka wa 1952 kinachomruhusu kusema kwamba kuwepo kwa mgeni fulani kunaharibu siasa ya inje. Khalil alikaa kizuizini Louisiana zaidi ya miezi mitatu. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa yeye akiwa ndani.

Kesi ya Rümeysa Öztürk ingetosha kumaliza mabishano. Ni mwanafunzi kutoka Uturuki, aliyekuwa akitafuta udaktari kwenye chuo kikuu cha Tufts. Mwaka wa 2024, yeye na wenzake watatu waliandika makala katika gazeti la wanafunzi, wakiomba chuo kiheshimu maazimio ya wawakilishi wa wanafunzi juu ya Gaza na kuacha kuweka pesa katika makampuni yenye uhusiano na Israeli. Mwaka mmoja baadaye, tarehe 25 mwezi wa tatu mwaka wa 2025, wakati wa Ramadhani, akiwa njiani kwenda kufuturu, watu waliofunika nyuso walimzunguka barabarani, wakamfunga pingu, wakampeleka Louisiana. Alikaa kizuizini zaidi ya majuma sita. Jaji aliyemwachilia alisema kwamba serikali haikuleta ushahidi mwingine wowote isipokuwa ile makala. Makala ya gazeti! Mwandishi wa habari yeyote wa Kongo anaijua hali hiyo bila kutafsiriwa.

Je, kuna mwanafunzi Myahudi hata mmoja wa Tufts aliyelala kwa usalama zaidi kwa sababu Öztürk alikuwa kizuizini? Hiyo ndiyo hesabu ambayo serikali ya Washington haikuleta mbele ya jaji.

Columbia ilikubali. Mwezi wa saba mwaka wa 2025 ilipokea maelezo ya IHRA, kisha ikaafikiana kulipa dola zaidi ya milioni 200 ili pesa zake za utafiti zirudi. Harvard ilikataa, na serikali ikazuia dola zaidi ya bilioni 2. Tarehe 3 mwezi wa tisa mwaka wa 2025, jaji Allison Burroughs wa Boston aliamua kwamba zuio hilo lilivunja sheria. Uamuzi wake una pande mbili, na kila kambi imesoma upande mmoja. Alisema kwamba serikali ilitumia chuki juu ya Wayahudi kama moshi wa kuficha shambulio la kisiasa. Alisema pia kwamba chuki hiyo ilikuwepo kweli Harvard, na kwamba chuo kilipaswa kufanya zaidi na mapema zaidi.

Wakongomani wana sababu yao ya kutoshangilia serikali inapoingia kampasi kwa jina la utaratibu. Mwaka wa 1971, baada ya wanafunzi wa Lovanium kuadhimisha wenzao waliouawa na wanajeshi tarehe 4 mwezi wa sita mwaka wa 1969, Mobutu aliwaingiza kwa nguvu jeshini. Usiku wa tarehe 11 mwezi wa tano mwaka wa 1990, wauaji waliingia kwenye mabweni ya chuo kikuu cha Lubumbashi, na hata leo watu hawajakubaliana juu ya hesabu ya waliokufa. Marekani haijafika huko, na kulinganisha bila kipimo kungekuwa kosa. Lakini msomi wa UNILU akiona mwanafunzi anaingizwa katika gari lisilo na alama kwa sababu ya maandishi yake, hahitaji maelezo marefu.

Vyuo vikuu vya Marekani bado vina njia, na haihitaji sheria mpya. Anayetisha kuua, apelekwe polisi, awe anatisha Myahudi ao Mwarabu. Anayemfuata mwenzake na matusi ya asili yake, aadhibiwe na chuo kabla ya mwaka wa masomo kwisha, si baada ya bunge kuita kikao. Anayefunga njia, aondolewe njiani. Na anayesema kwamba Israeli inafanya uovu, ao kwamba Hamas ilifanya uovu, ao yote mawili, aachwe aseme na ajibiwe. Kanuni hizo ziandikwe wakati hakuna vita, na rekta ajaribu kila moja kwa kubadilisha majina: kama ingekuwa kundi lingine, je, angeamua vilevile? Gay na Magill walikwama kwa sababu watu walijua jibu.

Tarehe 29 mwezi wa nne mwaka wa 2025, Harvard ilitoa ripoti mbili kwa siku moja, kurasa zaidi ya 500 zote pamoja. Moja iliandikwa na tume juu ya chuki dhidi ya Wayahudi na Waisraeli, nyingine na tume juu ya chuki dhidi ya Waislamu, Waarabu na Wapalestina. Tume zilikaa mbali mbali. Katika moja, wanafunzi wanasimulia jinsi wanavyoficha kwamba ni Wayahudi ili wasitengwe na marafiki. Katika nyingine, wanasimulia juu ya gari lililozunguka muji na majina na picha za wanafunzi waliotetea Wapalestina, na kazi walizoogopa kukosa kwa sababu hiyo. Wakuu wa Harvard wameahidi kufuata mapendekezo. Wangeanza kwa kuziweka tume hizo mbili katika chumba kimoja.